Breka ikikata usigombane nayo: shida za umeme nyumbani na jinsi ya kuzisoma

Umeme ukizimika ghafla kitu cha kwanza toka nje uangalie kwa majirani. Msicheke, nimeshaona mtu kafungua boksi la mein swichi, bisibisi mkononi, jasho linamtoka, kumbe mtaa mzima hauna umeme, na ungerudi pale pale angekuwa kashika waya. Majirani wana taa wewe huna? Nenda kwenye mita, mara nyingi ni uniti za LUKU zimeisha tu na mtoto kaingiza tokeni tarakimu 19 badala ya 20. Kama uniti zipo, breka zote ziko juu na bado giza, hapo shida inaweza kuwa kwenye mita au ule waya unaotoka kwenye nguzo, na hiyo ni ya TANESCO, usimtafute kijana wa mtaani apande nguzo.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe maana hapa ndo watu wanaharibu. Breka imekata, mtu anarudisha, inakata, anarudisha tena, mara ya nne anaishikilia kwa kidole au anaweka kubwa zaidi "ili isisumbue". Bwana, breka inalinda waya uliozikwa ukutani. Ukitoa ya ampia 16 ukaweka ya 32 kwenye waya uleule mwembamba, kitakachoungua sasa ni waya, tena kule darini usipoona.

Angalia inakata VIPI. Ukiirudisha tu ikaruka hapohapo na mlio, hiyo ni shoti, kuna laivu (waya unaoleta umeme) inagusana na nyutro (waya wa kuurudisha) au ethi (waya wa kwenda ardhini) mahali. Ikikaa dakika kumi, ishirini, afu ikakata, ni mzigo umezidi. Na kama inayoanguka ni ile kubwa yenye kitufe kidogo kimeandikwa T, hiyo inamaanisha umeme unavuja, unapita njia isiyo yake, labda taa ya nje imeingia maji ya mvua au hita imetoboka ndani. Hiyo yenye T nyumbani kawaida inakata kwenye miliampia 30 na ndo inayookoa maisha, zile ndogo hazikujui wewe, zinajua waya tu.

Kutafuta mkosaji: chomoa plagi ZOTE, narudia chomoa, usizime swichi ya soketi peke yake, kwa sababu swichi nyingi zinakata laivu tu na nyutro inabaki imeungana na kifaa, kwa hiyo kinachovuja kinaendelea kuvuja. Shusha breka ndogo zote, pandisha kubwa, afu ndogo mojamoja. Ikianguka kwenye ya tatu na hamna kitu kimechomekwa, tatizo liko kwenye wayaringi ya njia hiyo, iache chini, nyumba nzima itumie umeme na hiyo njia imsubiri fundi. Zikikaa zote, anza kuchomeka vifaa kimoja kimoja. Kwangu mimi alikuwa raiskuka, wiki nzima tulikuwa tunailaumu friji.

Mzigo nao ni hesabu ya darasa la nne. Umeme wetu ni volti 230, plagi ya pini tatu za bapa ina fyuzi isiyozidi ampia 13, zidisha unapata kama wati 3000 hivi. Birika la umeme peke yake linaenda 2000, pasi 1000 na kitu, sasa umeweka vyote kwenye ekstensheni moja ya buku tano ambayo waya wake ndani ni mwembamba kama uzi wa kushonea, pamoja na sabufa. Shika huo waya baada ya nusu saa, ukiwa wa moto umeshapata jibu. TV, redio na chaja hazina shida, ni hivi vya kutoa joto ndo vinakula: pasi, birika, jiko, hita ya kuogea.

Kuna moja ilitutokea tulipokuwa tumepanga. Jikoni kukaanza kunuka dagaa. Mke wangu anauliza nani kaacha dagaa, tumehamisha kabati, tumeosha ndoo, siku ya pili harufu iko palepale na inazidi usiku. Kuja kuvuta plagi ya friji haitoki, imeyeyuka imegandana na soketi, pini moja nyeusi tii. Plastiki ya soketi ikipata moto sana inatoa hiyo harufu kama ya samaki, watu wengi hawajui. Chanzo hata hakikuwa friji, ni skrubu ya nyuma ya soketi ilikuwa haijakazwa, waya umelegea, kila friji ikiwaka panatoa cheche kidogo kidogo. Na breka haikukata hata mara moja kwa sababu waya kulegea hakuongezi mzigo. Kwa hiyo soketi inayotetemeka, yenye alama ya kahawia, inayolia kama inakaanga kitu, usiitumie tena. Fundi azime mein kwanza, akate sehemu ya waya iliyoungua, aweke soketi mpya, akaze.

Hatari kuliko zote kwa maoni yangu ni nyutro kukatika au kulegea, na dalili zake watu wanazichukulia poa. Unawasha pasi taa zinafifia, mara zinang'aa kuliko kawaida, feni inakimbia kama inataka kupaa. Hapo usimalizie kuangalia taarifa ya habari, kimbia kashushe mein swichi. Nyutro ikikatika kule kwenye laini nyumba zinaanza kugawana umeme wa fezi tofauti, yaani laivu tofauti za nguzoni, mmoja anapata mdogo mwenzie anapata mkubwa unaoweza kukaribia volti 400, na ndo siku ile unasikia mtaani TV zimeungua nyumba tano kwa mpigo. Piga simu TANESCO, waambie majirani nao wazime. Ikiwa imekatika ndani kwako tu, utaona vitu haviwaki ila testa inawaka matundu yote mawili ya soketi. Mtu anasema "umeme upo kabisa, hadi mara mbili". Haupo mara mbili, umekosa njia ya kurudi. Na testa yenyewe ijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme, zinakufa kimyakimya.

Madogo madogo: feni inayozunguka kivivu au mpaka uisukume mara nyingi ni kapasita, bei yake ndogo, usinunue feni mpya. Taa ya LED inayobaki na kamwanga hata ukizima, muulize fundi kama swichi haikufungwa kwenye nyutro badala ya laivu, na ikiwa hivyo holda ina umeme muda wote hata ukiwa umezima, kwa hiyo unapobadilisha balbu shusha breka. Friji kwenye maeneo ya umeme wa kupanda na kushuka iwekee friji gadi, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuiwasha, kompresa inahitaji huo muda.

Ukigusa friji au bomba la bafuni likakuchonyota, usivae ndala ukaendelea. Ethi haipo au imekatika. Toka nje uangalie ule waya wa kijani unaoingia ardhini, wakati mwingine umepigwa jembe au umebebwa na watu wa vyuma chakavu. Mtu akinaswa na umeme usimshike, zima mein, ukishindwa msukume na mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, akiwa hapumui anza kumkandamiza kifua huku wengine wanatafuta gari. Moto wa umeme usiumwagie maji.

Fundi naye muulize leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, bila aibu, na soma namba kwenye waya anaoleta, ndo unene wake kwa milimita za mraba: taa 1.5, soketi 2.5, jiko na hita kubwa 4 au 6. Akikuambia 1.5 inatosha kila kitu, mpe nauli aende. Akimaliza mwambie abonyeze hiyo T mbele yako, ikate, airudishe, afu ndo umlipe.