Unataka watu waelewe umaskini wa dunia? Anza na dumu la maji

Wadau, kila ikikaribia tarehe 17 Oktoba vijana wanaanza kutengeneza mabango ya siku ya kutokomeza umaskini, picha ya mtoto ana kamasi na nzi usoni, maandishi makubwa mekundu, basi, imeisha hiyo. Mtu anaangalia anasema "masikini weee" anapita zake. Kama una klabu shuleni au kikundi cha vijana mtaani kwako, ipo namna nyingine ambayo watu hawasinzii.

Ijue kwanza siku yenyewe. Ilianzia Paris, tarehe 17 Oktoba 1987, watu kama laki moja walikusanyika pale Trocadéro, aliyewaita ni padri Joseph Wresinski ambaye mwenyewe alikulia kwenye ufukara, Umoja wa Mataifa ukaja kuitambua 1992. Wazo la yule padri lilikuwa maskini aongee mwenyewe sio aongelewe, kwa hiyo ukipanga shughuli yako usimpe maiki mgeni rasmi saa nzima huku mama muuza mihogo kakaa nyuma anasikiliza maisha yake yakielezwa na mtu mwingine.

Namba chukua chache. Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia inahesabu fukara wa kutupwa ni anayeishi chini ya dola 3 kwa siku, wako zaidi ya milioni 800 duniani na zaidi ya nusu yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Hapa wengi wanachemka, wanachukua dola 3 wanazidisha na bei ya dola ya leo, afu mtu wa kijijini anashangaa mbona hela yote hiyo. Sio hivyo, zile dola zimepimwa kwa kile ambacho zingenunua kule Marekani, ukizileta kwetu ambako vitu vingi viko chini zinakuwa shilingi chache kuliko zile za kubadilishia dola. Ukiona huwezi kulieleza hili vizuri achana nalo, tumia kipimo cha UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na Chuo Kikuu cha Oxford chenye vitu 10, wanauliza mnapikia nini, umeme upo, choo je, maji, sakafu, watoto wanaenda shule, wanakula vizuri. Hivyo kila mtu anaweza kujikagua kimoyomoyo pale alipokaa.

Sasa penyewe ni hapa. Chukua ubao na chaki. Unit moja ya maji ni lita 1,000, yani madumu 50 ya lita 20. Uliza dumu mtaani kwao shilingi ngapi, tuseme wakasema 200, hiyo unit imefika 10,000. Afu aliyevuta bomba nyumbani asome bili yake analipa ngapi kwa unit, na hapo nyamaza kabisa waache wabishane wao. Wakitulia peleka kwenye mkaa, gunia limetoa makopo mangapi na muuzaji kapata ngapi juu yake, nenda kwenye mafuta ya kupima, sukari ya robo. Mwenye hela ya siku hanunui kwa jumla, kwa hiyo kitu kilekile anakilipia zaidi kuliko mwenye mshahara. Malizia kwa kuuliza nani anayabeba hayo madumu na saa ngapi. Watakujibu wenyewe ni binti, asubuhi, na shule anafika kachelewa.

Ukishafika hapo dunia inaingia yenyewe, waambie Kibera, mtaa wa mabanda kule Nairobi, ni hivyohivyo, na vilimani Lima nchini Peru watu wananunua maji ya lori kwa bei kubwa kuliko wenye mabomba mjini. Lazima atanyanyuka mmoja aseme maskini ni wavivu, huyo hakosekani. Usimkasirikie, mrudishe ubaoni akuonyeshe uvivu uko kwenye mstari gani. Na yule wa "umaskini upo tu tangu enzi" mwambie China imewatoa watu karibu milioni 800 kwenye ufukara ndani ya miaka 40.

Kuhusu picha, naomba muwe na adabu. Usipige picha nyumba ya mtu kabla hujabisha hodi, mtoto usimrushe mtandaoni mpaka mzazi akubali na ajue inaenda wapi, halafu Tanzania sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mimi ningepiga ule ubao tu.

Na watu wasitawanyike hivihivi. Chagueni kitu kimoja tu, mfano kioski cha maji kilichofungwa, kiandikwe vizuri pamoja na ile hesabu ya madumu, kipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa kiingie kwenye ajenda ya mkutano unaofuata, na atakayesimama kukisemea awe mmoja wa wale wanaonunua kwa dumu.