Somo: Kutazama majani yakibadili rangi, kuanzia mkungu wa mtaani hadi msitu wa Amani

Wanachama wenzangu, habari za siku. Mwenzetu mmoja alituma picha za misitu ya Vermont, Marekani, miti imewaka nyekundu na manjano, akaandika chini yake, "Wenzetu wamejaliwa." Nimeona nimjibu kwa somo.

Kule rangi huja Septemba na Oktoba, siku zinapofupika na baridi kuingia. Mti huacha kutengeneza klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, ukijani hupotea, manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani ikaonekana, kisha majani hupukutika. Vitabu huyaita majira hayo vuli, ingawa sisi wa Tanga tukisema vuli tunangoja mvua. Msituni kwetu Amani, wilayani Muheza, mambo yamegeuka: jani jekundu ukiliona, aghalabu ndio kwanza limezaliwa.

Hatua ya 1: Anza na mkungu. Kabla hujatoa nauli, simama chini ya mkungu wowote wa mtaani. Huu ndio mti wetu wa pwani unaofanana tabia na ile ya Vermont: jani lizeekapo hugeuka manjano, likaja rangi ya chungwa, likaishia damu ya mzee kabla ya kudondoka. Okota moja, lielekeze juani. Utaona wekundu umetanda huku kandokando ya mishipa bado pana kijani. Mti unavuta chakula chake kutoka kwenye jani kabla ya kuliachia. Jicho likishazoea hilo, Amani hutapita bila kuona.

Hatua ya 2: Chagua siku. Mimi hupenda mwisho wa Septemba na Oktoba, kiangazi kinapoelekea kukatika na miti mingi inachipua. Ondoka alfajiri. Mara ya kwanza nilifika msituni saa sita mchana, jua la utosi likawa limefuta kila rangi, nikarudi nimeona kijani tu.

Hatua ya 3: Kufika. Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni kama kilomita 35 za lami. Kuanzia hapo unapanda gari la Amani, na njia ni ya vumbi na makona. Geti liko Sigi. Lipia kiingilio hapo, omba na mwongozaji. Msitu huu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Bustani ya mimea ni ya zamani zaidi; Wajerumani waliianzisha mwaka 1902.

Hatua ya 4: Tembea ukitazama juu, kisha chini. Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Sigi iko chini, na huko hukuti msitu wa kijani kitupu. Mvule hupukutisha majani, mfune vilevile, na shina lake refu la manjano hubaki likimeremeta peke yake katikati ya miti iliyovaa. Ukipanda kuelekea Amani, penye mita kama 900, hewa inapoa na miti mingi haivui majani. Simama mahali penye uwazi, mfano njia ya kilima cha Mbomole, utazame mgongo wa msitu ulio mbele yako. Utaona madoa ya waridi, ya kutu, ya zambarau. Mgeni hudhani miti hiyo imekauka, kumbe imechipua. Mizambarau ya mwituni ni hodari sana kwa hilo.

Ukikuta mdalasini kando ya njia, usipite haraka. Kiganja chako kiweke chini ya chipukizi bila kulichuma. Jani changa la mdalasini ni jekundu lililoiva, linaning'inia kama kitambaa kilicholowa, na mishipa yake mitatu inaonekana wazi kutoka kikonyoni. Majani ya chini yake kidogo yana rangi ya shaba, yanayofuata ni kijani cha ndimu, na yaliyokomaa ni kijani kizito na magumu. Maisha yote ya jani yamo katika tawi moja.

Hatua ya 5: Picha. Jani liwe kati yako na jua. Rangi hutoka ndani yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini jani changa liwe jekundu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Klorofili bado ni chache, na wekundu ni rangi iitwayo anthosianini. Wataalamu wa mimea wanaona inalikinga jani lililo laini dhidi ya jua kali, na huenda pia dhidi ya wadudu. Likikomaa, kijani hushika. Kachungulie mwembe wa nyumbani unapochipua, utaona jambo hilohilo.

Mwanachama, Pongwe: Kaka, nina watoto wa miaka sita na minane. Wataweza?

Jibu: Wataweza bustanini na vijia vya karibu na Sigi. Mbomole waache wakue kidogo. Wavalishe suruali ndefu na soksi, uchomeke suruali ndani ya soksi, maana siafu hawachagui mtu.

Mwanachama, Makorora: Naruhusiwa kuchuma majani nikaushe kitabuni?

Jibu: La, dada yangu, ndani ya hifadhi hata lililodondoka liache. Ya mkungu okota mtaani utakavyo. Yabane kati ya magazeti chini ya kitu kizito, ubadilishe magazeti kila siku, maana unyevu wa pwani huyaotesha ukungu upesi.

Mwanachama, Muheza: Mimi nimezaliwa huku juu, na hayo majani mekundu nayaona kila mwaka. Sikujua kuna watu wanapanda gari kuja kuyatazama.

Jibu: Ndugu yangu, tunakuja. Na yakianza kuchipua mwaka huu, tafadhali tuandikie hapa, tupange siku.