Jinsi ya kuendesha utafiti wa kubadili tabia hospitalini, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Hii ni ya manesi, matabibu na wanafunzi wa afya ya jamii ambao wameambiwa wafanye utafiti wa kinga kwenye kituo chao halafu hawajui waanzie wapi. Mimi ni mratibu wa tafiti za kliniki, kazi yangu ya kila siku ni watu wa presha, sukari na dawa za kudumu. Ugumu wa tafiti hizi ni kwamba jambo lenyewe halitokei mbele yako. Kwenye dawa mpya unampa mtu kidonge unajua amepewa nini, huku unampa ushauri au meseji anaondoka nayo, na kama chumvi imepungua au dawa imemezwa hilo linajulikana nyumbani kwake. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu jinsi ya kuujua ukweli bila kumbana mtu.

Mfano nitakaorudi kwake ni utafiti wa WelTel Kenya1, uliofanyika Kenya chini ya Richard Lester na wenzake, ukatoka kwenye jarida la Lancet 2010. Kila wiki mgonjwa anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, anapata meseji moja tu, "Mambo?", na anatakiwa ajibu ndani ya saa 48 kama yuko sawa au ana shida. Akisema shida, au akinyamaza, muuguzi anampigia. Basi, ni hivyo tu.

Hatua ya 1: swali moja, kipimo kimoja. Usiandike "kuboresha afya ya wagonjwa wa presha", hiyo haipimiki. Andika nani, unampa nini, unamlinganisha na nani, unapima nini na baada ya muda gani. WelTel walikuwa na vipimo vikuu viwili: mgonjwa mwenyewe kusema amemeza zaidi ya asilimia 95 ya dozi, na wingi wa virusi kwenye damu baada ya miezi 12. Angalia walivyofanya, walimuuliza mtu na wakaiuliza damu pia. Ukitegemea maneno peke yake utapata majibu mazuri sana kwa sababu mgonjwa anakuheshimu, hataki kukuvunja moyo, sio kwamba ni mwongo.

Kama kipimo chako ni presha, ipime vizuri. Mtu akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono usawa wa moyo, asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa nusu saa nyuma, na upime zaidi ya mara moja. Kafu, ule mkanda unaojazwa hewa, iendane na mkono, maana kafu ndogo kwenye mkono mnene inakupa presha kubwa kuliko iliyopo. Mtu aliyepanda ngazi anahema halafu ukampima hapo hapo, hiyo namba ni ya ngazi.

Hatua ya 2: idadi ya watu. Tafuta mtu wa takwimu mapema, sio baada ya kukusanya data. Tuseme unategemea wanaomeza dawa vizuri watoke asilimia 50 kwenda 62. Kwa viwango vya kawaida, yaani asilimia 5 ya kosa (kuona tofauti ambayo haipo) na nguvu ya asilimia 80 (uwezo wa kuiona tofauti kama ipo kweli), unahitaji kama watu 264 kila upande, na ukiwaza kwamba asilimia 15 watapotea njiani unaandikisha 311. Ukichukua 40 kila upande, tofauti hiyo hiyo ni watu watano tu na bahati peke yake inaweza kuileta. Hapo utakuwa umechukua muda na damu za watu bure, na kwangu hilo ni suala la maadili kabisa.

Hatua ya 3: vibali na rejista. Tanzania bara ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama uko chini ya chuo kuna kamati ya chuo pia, halafu barua za TAMISEMI, mkoa, na Mganga Mkuu wa Wilaya. Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti. Halafu sajili utafiti kwenye PACTR, rejista ya tafiti za kliniki ya Afrika nzima, KABLA ya mshiriki wa kwanza, maana tangu 2005 majarida makubwa ya kitabibu yanadai hivyo. Maana yake huwezi kubadilisha kipimo baadae ukiona matokeo hayakupendezi.

Hatua ya 4: ridhaa. Hapa naomba muende taratibu. Usimwite mtu dirishani akiwa kwenye foleni ya dawa umwambie asaini. Mkae pembeni, mwambie kwa maneno yake:

"Mama, tunataka kujua kama kupigiwa simu kunasaidia watu wa presha. Wengine watapigiwa, wengine wataendelea na kliniki kama kawaida, na anayechagua ni kura, sio mimi wala daktari. Ukikataa leo au ukiacha katikati, dawa zako na kadi yako viko pale pale."

Halafu mwambie akueleze alichoelewa. Akisema "mtanipa dawa nzuri zaidi" bado hajaelewa, rudia. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye sio mfanyakazi wa utafiti. Nakala ya fomu ni haki yake, ila muulize kama anataka kuibeba, wapo ambao nyumbani hawajasema chochote kuhusu ugonjwa wao na karatasi hiyo inaweza kuwaletea matatizo.

Hatua ya 5: kura. Mtu asiyeonana na wagonjwa aandae orodha kwa kompyuta, bahasha nzito zisizopenya mwanga, zimefungwa, zina namba kwa mfuatano, na zinafunguliwa baada ya sahihi tu. Nesi mwenye huruma akijua bahasha inayofuata ina nini atamsubirishia mgonjwa aliyezidiwa ili apate msaada, ni utu kabisa lakini makundi hayafanani tena. Na anayepima mwishoni asijue nani yuko kundi gani.

Kama wagonjwa wako wanakaa benchi moja au ni mtu na mkewe, meseji itasambaa tu. Hapo pigia kura vituo badala ya watu, ila jua kwamba idadi itapanda kwa sababu watu wa kituo kimoja wanafanana.

Hatua ya 6: meseji na simu. Usitaje ugonjwa wala jina la kliniki. Muulize mapema, "simu hii nani mwingine anaishika?" Uzuri wa "Mambo?" ni kwamba hata mtoto akiisoma haina siri yoyote ndani. Na asiyejibu apigiwe kweli, mtu aliyeandika shida akakaa wiki nzima bila kusikia sauti hatajibu tena.

Hatua ya 7: kuwashikilia watu. Chukua namba mbili za ndugu kwa ruhusa yake, andika alama za nyumba, uliza kama msimu wa kilimo anahama. Rudisha nauli siku ile ile, kwa pesa taslimu. Laini zinabadilishwa sana, kwa hiyo kila anapokuja hakiki namba.

Hatua ya 8: kuhesabu. Kila aliyepigiwa kura anahesabiwa kwenye kundi lake, hata kama hakujibu meseji hata moja. WelTel walikuwa 538, na mwishoni hesabu bado ni 168 kati ya 273 kwenye meseji waliomeza dawa vizuri, na 132 kati ya 265 upande mwingine, yaani asilimia 62 kwa 50. Virusi kudhibitiwa ilikuwa asilimia 57 kwa 48. Ukitoa wasiojibu unabaki na watu ambao wangefanya vizuri hata bila wewe.

Hatua ya 9: rudisha majibu. Anza na wagonjwa, siku ya kliniki kabla foleni haijaanza, kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama jibu ni kwamba haikusaidia. Mganga mfawidhi mpe ukurasa mmoja wenye gharama ya meseji na muda wa nesi, maana hilo ndo ataulizwa kwenye bajeti. Na kama ilisaidia, kundi ambalo halikupigiwa simu lianze kupigiwa, liandike hilo kwenye protokali, yaani mpango wa utafiti, toka mwanzo na litengee hela.