Kuzunguka Kisumu ya zamani kwa miguu, hivi ndio unafanya

Wageni wengi wakifika Kisumu wanabebwa na tuktuk moja kwa moja hadi ufuo wa Dunga, wanakula samaki wa ngege, wanapiga picha na ziwa halafu wanasema wameona Kisumu. Tao yenyewe hawajaigusa. Na ni tao ya asubuhi moja tu, hauhitaji kulipa mtu akutembeze, beba maji na uvae viatu visivyokubana basi.

Toka mapema, saa moja ama saa mbili hivi, juu ikifika saa sita jua la hapa halina huruma na jioni mvua inaweza kukupata mahali huna pa kujificha.

Anzia chini, upande wa stesheni na bandari. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, wakapaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, bibi ya Ronald Preston aliyekuwa anasimamia kazi ya kutandika reli. Sasa kuna wale hupenda kubisha ati reli ya Uganda iliishia Kenya, waambie watulie, siku hiyo treni inafika Kisumu ilikuwa bado inahesabiwa upande wa Uganda, ilikuja kuhamishiwa huku 1902. Na hata treni haikuwa ya kwanza. Meli ya William Mackinnon ilitoka Uingereza ikiwa vipande vipande, wapagazi wakabeba mizigo yake nchi kavu, ikaungwa hapa na kuteremshwa majini 1900, kwa hivyo meli ilitangulia treni. Hapa usitoe simu upige picha ovyo, ongea na askari wa geti kwanza, akikataa usibishane naye songa mbele.

Kutoka hapo panda na Oginga Odinga Street, na trafiki ya bodaboda iko kila upande so kaa chonjo. Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, akajiuzulu 1966. Kwa hii barabara shida ya watu ni kuangalia chini, na chini ni maduka ya simu na Mpesa tu kama tao yoyote. Vuka uende ng'ambo, inua macho juu ya vibao vya maduka, hapo ndio utaanza kuona majengo ya zamani ya Wahindi, mengine bado yameandikwa jina la mwenyewe ama mwaka kwa simiti.

Halafu mnara wa saa. Watu hupita hapa kila siku wakienda kazi na hawajawahi kusoma kile kibao chake, wewe simama usome mpaka mwisho. Ulijengwa kumkumbuka Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki 1871 na kufariki Kampala 1910, na waliojenga ni wanawe, Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla. Hebu piga hesabu hapo, huyu mzee alifika miaka 30 kabla ya treni kuingia Kisumu, na mnara wake ukafunguliwa tarehe 19 Agosti 1938, yeye ako kaburini miaka 28 tayari. Aliyeufungua ni gavana Sir Robert Brooke-Popham, yule yule ambaye Desemba 1941 alikuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Mbali wakati Wajapani walivamia Malaya, na mambo yakamwendea mrama kabisa. Kibao kidogo vile na kimebeba hayo yote.

Jamia Mosque ya 1919 iko Otiena Oyoo Street, ya kijani na nyeupe, hauwezi kuikosa. Ijumaa saa sita hadi saa nane usiende kama mtalii, watu wanaswali. Siku zingine vaa kwa heshima, akina dada mbebe leso, na uombe ruhusa mlangoni. Jubilee Market ingia ununue ndizi, toka.

Jomo Kenyatta Sports Ground ndio uwanja wa kukaa. Tafuta kivuli, tafuta wazee wanaobishana siasa, sema "oyawore", salamu ya Kijaluo, kama bado ni asubuhi, kaa kidogo bila kuuliza kitu. Usiseme unataka historia, watakunyamazia ama wakuanzishie hotuba. Uliza tu, "Mzee, hapa kulikuwa na nini mkiwa vijana?" Kwa swali hilo moja unaweza kukaa hapo saa nzima.

Ya mwisho chukua matatu ya Kondele ushukie Russia, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, siku hizi inaitwa kwa jina la Jaramogi. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Mzee Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, wakarushiana maneno na Jaramogi hadharani, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, watu wakafa wakiwemo watoto, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Hii usiichokoze kwa mtu umekutana naye juzi, kuna familia hapa bado inawauma, ngoja mzee ailete mwenyewe. Na ni hospitali, watu wako na wagonjwa wao, kamera ibaki kwa mfuko.

Ikiwa ni Jumapili rudi kwa miguu upitie soko la Kibuye, ila pesa weka mfuko wa mbele.