Somo: Chakula cha mwanamichezo wa theluji, kwa mnaofunga mizigo kutoka Mtwara

Mama mmoja wa Mikindani ameniuliza: mwanawe yuko masomoni Norway, kajiunga na wenzake wa mbio za ski (kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni), na kila akipiga simu analalamika njaa. Amtumie nini? Nilitaka kujibu "korosho" nikalale. Lakini tulipange vizuri, maana sisi huku sweta tunalivaa kwa safari ya usiku tu.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia mazoezi. Ski za masafa zinafanyisha kazi miguu, mikono na mgongo kwa pamoja, kwa hiyo akiba ya wanga huisha upesi. Akianza kutetemeka kwa baridi, inakombwa zaidi. Ale wali, viazi au tambi, ashibe. Korosho wakati wake ndio huu, kiganja kimoja juu ya chakula.

Hatua ya 2: Asubuhi. Saa mbili kabla ya kutoka, gramu 2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Uji mzito wenye sukari, mkate na ndizi vinamfikisha.

Hatua ya 3: Maji. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwenye jua la Mtwara kiu inakukumbusha yenyewe. Kwenye baridi kiu hupungua, lakini maji yanaendelea kutoka: kwa pumzi (ule moshi mdomoni ni maji), kwa jasho lililofichwa na nguo, na kwa mkojo, kwani baridi humfanya mtu akojoe zaidi. Asisubiri kiu. Abebe chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa ya chai, maana chupa ya kawaida itaganda. Asile theluji kukata kiu. Mwili utatumia joto lake kuiyeyusha.

Hatua ya 4: Mfukoni. Mazoezi yakizidi saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tende ndogo sita ni kama gramu 30. Kashata ya ufuta ya Lindi naipenda, ila ikipoa sana inavunja meno. Avikalishe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na korosho? Najua nitarushiwa mabibo, lakini njiani hapana: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hukawia tumboni.

Hatua ya 5: Akirudi. Abadili nguo zilizolowa kwanza, kisha wanga na protini ndani ya saa moja. Mayai matatu na glasi ya maziwa, pamoja na mkate, yanatosha.

Maswali ya wanachama

Dada wa Masasi: Mwalimu, si ale mafuta mengi ili apate joto?
Jibu: Hapana dada. Joto linatoka kwenye misuli inayofanya kazi, na misuli ikienda kasi inategemea wanga. Mafuta ale ya kawaida.

Kijana wa Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Mwafrika na ski wapi na wapi?
Jibu: Marahaba. Philip Boit wa Kenya alikimbia kilomita 10 za ski kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998. Alikuwa wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwishoni amkumbatie. Alishatokea mtu.

Mama wa Mikindani: Anasema huko jua halionekani kabisa. Lina madhara?
Jibu: Ndiyo, mama. Kaskazini ya mbali, kama Tromsø, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na ngozi haitengenezi vitamini D. Ale samaki wenye mafuta. Makareli wa kule ni ndugu wa vibua wetu. Akapimwe damu kabla ya kununua vidonge.

Mama wa Mikindani: Na nyama ya kukausha nimfungie?
Jibu: Usihangaike, mama. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia kule, utapoteza tu. Mfungie tende na korosho. Umwambie korosho ni za jioni.