Kutafuta nyumba ya kupanga Mwanza wakati kazi imekubana: usizunguke kama nilivyozunguka mimi

Mimi naingia kazini saa mbili asubuhi natoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, alafu Jumamosi mpaka saa saba mchana. Mjini kati hapahapa. Sasa mwenye nyumba wangu aliponiambia anakitaka chumba chake, mwanaye kamaliza chuo anarudi nyumbani, akanipa miezi miwili niwe nimeondoka, nikaona miezi miwili mbona mingi.

Wiki ya kwanza tu nimeomba ruhusa mara tatu. Mara ya kwanza bosi akatabasamu, ya pili akaguna, ya tatu akaniangalia juu ya miwani akaniuliza, "we dada, unahama nyumba au unahama kazi?" Na hapo nilikuwa nimeshawapa madalali wanne elfu kumi kumi za kuonyeshwa, nyumba nilizoonyeshwa moja ilikuwa imeshalipiwa tangu wiki iliyopita, moja mpangaji wa zamani bado yumo ndani anapika ugali wake, moja choo ni cha nje kinachangiwa na vyumba sita wakati niliambiwa ni masta, na ya nne ipo mlimani huko juu ya mawe yani bodaboda alinishusha akaniambia dada kuanzia hapa ni mguu.

Nikakaa chini nikajiuliza nakosea wapi. Nilikuwa natafuta nyumba kwa miguu wakati ningetakiwa kuitafuta kwa simu, miguu ije mwishoni. Na nilikuwa nang'ang'ania kwenda kuona nyumba mchana, muda ambao nikishahamia wala sitakuwepo, niko kazini.

Basi nianze na simu. Saa ya chakula cha mchana ndo ofisi yako ya kutafutia nyumba. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa angalau dakika 60 za kupumzika kama unafanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, kwahiyo hio saa ni yako, kula dakika ishirini, zilizobaki wachape madalali meseji. Usimpigie mtu kumuuliza "una nyumba?" maana atakwambia ninazo nyingi dada wewe tu njoo. Mimi niliandika meseji moja nikaihifadhi, kila dalali namtumia hiyohiyo:

"Habari kaka. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, kodi isizidi laki na ishirini, naweza kulipa miezi mitatu. Njia ya Nyegezi mpaka Buhongwa tu. Kabla hatujapanga kwenda naomba unijibu: LUKU ni ya kwangu peke yangu au ya kuchangia? Maji ya bomba yanatoka siku zipi, na tenki lipo? Kutoka lami ni dakika ngapi kwa mguu? Nyumba ipo wazi leo au kuna mtu bado? Mwenye nyumba anaishi hapohapo?"

Utashangaa wangapi hawajibu. Wasiojibu waache, wamekuokolea jioni nzima. Anayejibu nusunusu, "maji yapo", "sio mbali", huyo mrudishie swali palepale, maana "sio mbali" ya dalali wa Mwanza naifahamu, inaweza kuwa kilomita mbili za kupanda. Swali la LUKU, yani mita ya umeme wa kulipia kabla, msilichukulie poa, mita ya kuchangia mkiwa kaya tatu nne mnavuka uniti 75 kwa mwezi bila hata kuwasha pasi, mkishavuka hapo ile bei nafuu ya watumiaji wadogo hamuipati tena, na kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwahiyo ugomvi wa nani anachangia ngapi utaukuta umeshaanza kabla hujafungua begi. Na kama mwenye nyumba anaishi hapohapo sio tatizo, wengine ndo wanapenda hivyo, ila ujue mapema kama geti linafungwa saa nne na wewe kuna siku unafunga hesabu usiku.

Akishajibu vizuri, mwombe video. Sio ile video ya tangazo yenye muziki wa bongofleva inazungushwa haraka haraka mpaka kizunguzungu. Mwambie akiwa pale akupigie video kolu. Mimi dalali mmoja alinipigia kutoka nyumba ya Mkolani, taili nzuri, jipsamu, madirisha ya aluminiamu, nikamwambia kaka fungua bomba la jikoni. Akafungua. Likatoa fyuuu, likakohoa mara mbili, kimya. Akasema hii ni mchana tu dada. Nikamwambia haya basi flashi choo, akanigeuzia simu kwenye dari akaanza kunionyesha taa. Sikwenda. Dakika tano za mapumziko zimeniokolea nauli, elfu kumi na jioni moja.

Hela ya kuonyeshwa nayo inaongeleka jamani, watu hamuulizi tu. Dalali ana haki yake, anatumia mafuta na muda, na nyumba ukiichukua mara nyingi utampa kodi ya mwezi mmoja, hilo lijulikane tangu mwanzo liingie kwenye bajeti. Ila kila nyumba elfu kumi hapana. Nilikubaliana na yule niliyemaliza naye nimpe elfu kumi mara moja kwa nyumba zote atakazonionyesha siku hiyo, na nyumba ikiwa haiko kama alivyoandika kwenye meseji, hesabu haianzi. Alinuna kidogo, akakubali. Na usitume kodi wala "nusu ya kushikia" kwa simu kwa nyumba ambayo hujaingia ndani, hata akikwambia kuna mtu yupo njiani na hela mkononi. Huyo mtu yupo njiani siku zote.

Sasa upange siku zako. Mji wetu ukitoka katikati una njia kubwa tatu, ya Kenyatta inaelekea Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani mpaka Buhongwa, ya Nyerere inaelekea Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma mpaka Kisesa, na ya Makongoro inaelekea Kirumba, Pasiansi, Ilemela mpaka Airport. Jioni moja njia moja. Ukisema leo naona ya Nyegezi alafu naruka naona ya Nyakato, utaonana na foleni ya Mkuyuni, ukitoka huko uonane na ya Mabatini, unafika giza limeingia na mwenye funguo kashaenda kulala. Mimi nilichagua Jumanne na Alhamisi tu, nyumba mbili kwa jioni, tatu kama zipo mtaa mmoja. Jumatano napumzika, maana nyumba ukiziona nyingi mfululizo zinachanganyika, unabaki unajiuliza ile yenye kabati la jiko ilikuwa Butimba au Mkolani. Kila nyumba nikitoka najirekodia voisi ya nusu dakika kwenye simu palepale getini.

Na tuna bahati moja huku ambayo hatuihesabu. Mwanza ipo magharibi lakini saa tunatumia moja na Dar, kwahiyo jua letu linachelewa kuzama, kwa mwaka mzima linacheza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni, karibu nusu saa nyuma ya Dar. Ukitoka kazini saa kumi na moja, ukapanda daladala, saa kumi na mbili kasoro upo Nyegezi na mwanga bado upo wa kutosha kuona nyufa. Alafu giza likuingilie ukiwa hapohapo, ndo nilikuwa nataka.

Maana jioni nyumba inasema ukweli. Mchana mtaa umetulia, watoto shule, baa haijafungua spika, kila mtu kazini na maji yana presha kwa sababu hakuna anayeyatumia. Njoo saa moja usiku. Utasikia kama nyuma ya ukuta kuna grosari inayopiga muziki au mkesha wa kila Ijumaa. Utaona njia ya kutoka lami ina taa au utakuwa unatembea na tochi ya simu mkononi kila siku. Utaona taa za ndani zinawaka vizuri au zinalegea wote wakiwasha kwa pamoja. Na maji, narudia tena maji, huu mji ni wa vilima na mawe, wa bondeni anaoga wakati wa juu anasubiri, nyumba mbili mtaa mmoja zinaweza kuwa na hadithi tofauti kabisa.

Ambacho nyumba haikuambii atakuambia mama wa genge. Kila mtaa una mtu anauza vitumbua, nyanya au chapati pale kona, nunua kitu, salimia kwa adabu, kaa kidogo. Mimi kule Mkolani nilimkuta mama mmoja anakaanga samaki, nikampa shikamoo, marahaba mwanangu, nikatupia na "mwadila", salamu yangu ya Kisukuma mbovu, akacheka sana, nikanunua sato wa kukaanga. Hata sijauliza vizuri akaniambia: "ile ya geti la bluu? Maji Jumanne na Ijumaa, yanakuja usiku saa nne saa tano, ukilala umeyakosa. Mwenye nyumba mzee mzuri tu ila anapandisha kodi kila mwaka mpya." Dalali nilikuwa naye siku mbili hayo hakuyasema. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pia waulize, swali moja tu, saa tatu usiku mnanifikisha mpaka mlangoni au mnaishia hapa chini? Na wadada wenzangu, jioni tusiende peke yetu, mimi nilienda na mdogo wangu, siku ambayo hakuwepo nilimtumia lokesheni na jina la dalali kabla sijaingia ndani.

Nyumba iliyopita mtihani wa jioni ndo unairudia Jumapili mchana, moja au mbili tu. Mchana unaangalia unyevu. Tazama ukuta chini, kama rangi imevimba au kuna mstari wa kahawia usawa wa goti hapo maji yameshawahi kuingia, na wakiupaka rangi mpya upande mmoja tu jiulize upande ule una nini. Ukiweza nenda siku imetoka kunyesha, kwa wanaotafuta mwezi wa tatu mpaka wa tano au wa kumi mpaka wa kumi na mbili hilo halina shida, mvua itakufuata yenyewe. Sehemu za bondeni karibu na mto Mirongo angalia mara mbili. Mlimani nako angalia maji ya mvua yakishuka kwenye mawe yanapita wapi, isije ikawa yanapita mlangoni kwako. Na ukipenda upepo wa ziwa kule Kirumba jua kuna siku unakuja na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni, kuna watu hawaisikii kabisa, mimi naisikia.

Kitu ambacho sikuwahi kuona mtu anakifanya, na nilikifanya kwa hasira tu baada ya kuchelewa kazini: kabla ya kulipa, nenda kwenye ile nyumba alfajiri, simama getini saa kumi na mbili na robo kama vile umetoka kuamka humo, alafu nenda kazini. Hesabu dakika za kutembea mpaka lami, daladala ngapi zimepita zimejaa, umefika saa ngapi. Nilikuwa na nyumba mbili mkononi, ya Buhongwa nzuri zaidi na bei ile ile, lakini niliingia kazini saa mbili na dakika nane natoka jasho. Ya Mkolani saa mbili kasoro robo. Nikaacha jiko lenye kabati.

Kama unatafuta upande wa Nyegezi na Malimbe kumbuka pia kuna wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Chuo kikifungua mnagombania vyumba na watoto wa watu wanaolipiwa mwaka mzima, chuo kikifunga wenye nyumba wanapokea simu vizuri.

Ruhusa kazini itunze kwa siku moja tu, ya mkataba, nayo iwe siku ya kazi ili mtendaji wa mtaa umkute ofisini. Hela mpe mwenye nyumba mwenyewe mkononi au kwenye namba yenye jina lake, mkataba usomwe wote, uandikwe nani anatengeneza bomba likipasuka na notisi ni miezi mingapi, piga picha mita ya LUKU na kila ufa uliokuta. Bosi wangu safari hii nilimwambia wiki moja kabla, akanipa nusu siku bila maneno.

Kuhama nilihama Jumapili asubuhi, kirikuu moja tripu moja, barabara nyeupe. Jumanne nikaweka alamu ya saa nne usiku nikakaa sebuleni na ndoo tatu. Saa nne na nusu kimya, nikaanza kusinzia. Saa tano kasoro bomba likakohoa, likatoa fyuuu, nikasema haya tena, alafu maji yakaja.