Namna ya Kulinda Kizazi Dhidi ya Magonjwa ya Zinaa Yasiyoonyesha Dalili

Mwanamke anayesubiri maumivu ndipo aende kupima huenda akachelewa, kwa sababu wengi wenye klamidia, na sehemu kubwa ya wenye kisonono (magonjwa mawili ya zinaa yanayoletwa na bakteria), hawahisi chochote. Hata majimaji yasiyo ya kawaida ukeni si kigezo cha kutegemea, kwa kuwa mara nyingi hutokana na fangasi au na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, hali ambazo hazihesabiwi kuwa magonjwa ya zinaa. (Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa hakusaidii, huzidisha mvurugiko huo.)

Bakteria wa klamidia na kisonono huanzia kwenye mlango wa kizazi, kisha baadhi yao hupanda hadi kwenye mfuko wa uzazi na mirija ya kupitishia mayai, ambako huleta uvimbe unaoweza kuacha makovu. Mrija huo ni mwembamba mno. Makovu yakiuziba pande zote mbili, mwanamke hawezi kushika mimba kwa njia ya kawaida. Yakiubana bila kuuziba, mbegu hupenya lakini yai lililorutubishwa hukwama njiani, na mimba hutunga nje ya kizazi. Dawa huua bakteria, ila kovu lililokwisha kujengeka hubaki, na ndiyo maana ninasisitiza kupima mapema kuliko jambo lingine lolote.

Unapokwenda kupima, taja magonjwa kwa majina. Ombi la kupimwa “kila kitu” mara nyingi huishia kwenye damu, ambayo huonyesha VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, ilhali klamidia na kisonono huhitaji majimaji ya ukeni au mkojo. Kwa mwanamke, majimaji ya ukeni ndiyo bora zaidi, na anaweza kuyachukua mwenyewe kwa kijiti cha pamba faraghani. Aliye chini ya miaka 25 na anayefanya ngono apime kila mwaka. Aliyezidi umri huo apime kila anapopata mwenzi mpya. Kipimo cha klamidia kilichofanywa kabla ya wiki 2 kupita tangu tendo lenye shaka kinaweza kukosa maambukizi, hivyo kirudiwe.

Klamidia hutibiwa kwa kawaida kwa doksisaiklini ya miligramu 100, mara mbili kwa siku kwa siku 7, na mjamzito hupewa azithromaisini badala yake. Kisonono kimejenga usugu dhidi ya dawa nyingi, kwa hiyo vidonge vilivyobaki nyumbani si tiba. Matibabu mengi, kwa maoni yangu, huharibika kwa kumsahau mwenzi: asipotibiwa naye, maambukizi hurudi. Jizuieni kujamiiana hadi nyote wawili mmalize dawa na siku 7 zipite, kisha urudie kipimo baada ya miezi 3. Kondomu itumiwe tangu mwanzo wa tendo hadi mwisho.

Mjamzito apimwe kaswende katika hudhurio la kwanza la kliniki, maana ugonjwa huo huweza kusababisha mtoto kufia tumboni, ingawa huzuilika kwa sindano ya penisilini aina ya benzathini. Kuhusu virusi vya papiloma, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, wasichana wachanjwe wakiwa na miaka 9 hadi 14, nao wanawake waanze uchunguzi wakiwa na miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU.

Maumivu ya chini ya tumbo yanayoambatana na homa, au maumivu wakati wa kujamiiana, yanahitaji daktari siku hiyohiyo. Maumivu makali ya upande mmoja, pamoja na hedhi iliyochelewa na kizunguzungu, huenda ni mimba iliyopasua mrija na damu inavujia ndani: nenda hospitali mara moja, na mweleze mhudumu tarehe ya hedhi yako ya mwisho hata kabla hajakuuliza.